Sindano ya kambare kwa mwatiko wa Kwale: jibu kwa ndugu wa Jinja

Ndugu yangu, swali lako ni refu kidogo, niliweke kwa ufupi ili na mwingine akisoma aelewe tunaongea nini. Wewe una hachari ya kambare hapo Jinja, yaani mahali pa kutotolesha vifaranga, mnadunga majike jioni, asubuhi mnakamua mayai, maisha yanaenda. Shemeji yako yuko Kwale pwani ya Kenya, anafuga mwatiko kwenye mabwawa ya maji chumvi, na mbegu yake, yaani vifaranga vya kufuga, ni ile wanayoivua baharini kwa chandarua wakati wa bamvua, mwaka huu wanapata, mwaka ujao hawapati kitu. Ukamwambia usijali shemeji nitakuletea chupa ya dawa yetu, Ovaprim, ile tunayowadunga kambare watage. Sasa unataka kujua dawa hiyo itafanya kazi kwa samaki wa baharini ama la, dozi ni ngapi kwa kilo, na mwisho ukaongeza kwamba ikikubali si mngeleta hao mwatiko wazazi Jinja muwatotoleshe hapo hapo.

Nianze na hilo la mwisho maana ndilo jepesi. Haiwezekani ssebo. Mwatiko anaishi maji baridi bila shida, Wafilipino wanamfuga hata kwenye ziwa lao la Laguna de Bay, anakula na ananenepa, lakini huko hatagi. Hata ungemdunga akakomaa, ungekwama kwenye manii. Manii ya samaki wa baharini yakiwa ndani ya dume yamelala, yanaamka yakikutana na maji yenye chumvi kuliko damu ya samaki mwenyewe, na ya kambare wako ni kinyume chake, yanaamka yakiguswa na maji ya kawaida, ndio maana mlifundishwa bakuli, manyoya ya kuchanganyia, mikono, kila kitu kiwe kikavu mpaka dakika ya mwisho. Alafu mayai ya mwatiko yameumbwa yaelee kwenye maji ya bahari, ukiyaweka kwenye maji ya Nile yatazama na kufa. Na kuleta samaki mgeni ndani ya nchi kunahitaji kibali cha idara ya uvuvi, hiyo si njia ya kupita kwa mlango wa nyuma, tuliona wenyewe kwenye Ziwa Victoria samaki mmoja kuletwa kunaweza kufanya nini.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa naomba uwe na subira kidogo, kwa sababu nikikupa namba tu bila kukueleza inafanya nini huko ndani, utaenda Kwale utaua samaki wa shemeji na lawama itakuwa ya dawa.

Ndani ya samaki kuna ngazi tatu. Juu kabisa ubongo, chini yake kuna katezi kadogo kanaitwa pituitari, kwa kambare wako ni kama punje ya mtama tu, alafu huku tumboni kuna ovari. Ubongo ukiona mambo ni mazuri, mvua imenyesha, maji yamepanda, joto liko sawa, dume yuko karibu, unatoa homoni inaitwa GnRH. Hiyo GnRH inabisha hodi kwa pituitari, pituitari inamwaga homoni nyingine, LH, kwenye damu, na LH ikifika kwenye ovari ndipo yai linamalizia kukomaa na kuachia. Samaki akifungiwa kwenye bwawa ama tangi mara nyingi anafanya kazi yote ile ndefu, miezi na miezi anajaza mayai lishe, yanakua, yanafika saizi, alafu mambo yanasimama pale. LH anayo, imejaa kwenye pituitari, ila haitoki, kwa sababu ubongo haujaona kile unachokisubiri. Kambare anasubiri mafuriko ya mvua. Mwatiko anasubiri mambo ya bahari, kina, mkondo, chumvi, joto la msimu, vitu ambavyo bwawa la matope halina.

Kwa hiyo sindano inaingia mwishoni kabisa, kusukuma lile jambo la mwisho lililokwama. Mayai haitengenezi. Fikiria mama mjamzito na ile dripu ya uchungu wanayomwekea hospitali tarehe zikipita, inasaidia sana akiwa wa miezi tisa, lakini hakuna daktari atamwekea mama wa miezi mitano akategemea mtoto mzima. Hili nalirudia kila mahali ninapofundisha, na bado watu wananiuliza dozi kabla hawajaniambia yai lina ukubwa gani.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Miaka yangu ya kwanza kwenye hachari moja, nikiwa bado kijana na haraka nyingi, kulikuwa na oda ya vifaranga na majike nane ya kambare matumbo yamejaa kweli kweli. Ilikuwa kiangazi, sikupima kitu, nikadunga wote saa mbili usiku. Asubuhi saa mbili nabonyeza tumbo, hakuna. Saa nne, hakuna. Nikafanya kosa kubwa zaidi, nikaongeza dozi ya pili. Jioni mmoja akatoa mayai yamechanganyika na damu, madogo na makubwa pamoja, rangi imepauka, halikuanguliwa hata moja. Watatu wakafa. Tulipowapasua tukakuta tumbo ni mafuta na chakula, mayai yenyewe ni machanga, nukliasi, kale kadoa ka katikati ya yai, haionekani vizuri, saizi kila moja na yake. Dawa ilikuwa nzima kabisa, mwenye makosa nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo sidungi samaki bila kuona mayai yake kwanza. Kwa kambare unaweza kubonyeza kidogo yakatoka machache ukayaona, yakiwa sawa sawa, ya kahawia ya kijani, na kadoa katikati, unaendelea. Kwa samaki wa baharini huwezi kutegemea kubonyeza, unatumia mrija. Ni mpira mwembamba laini kama ule wa kulishia mtoto mchanga hospitalini, samaki unamlaza kwanza na mafuta ya karafuu yaliyochanganywa kwenye maji mpaka atulie, unaingiza mrija pole pole kwenye tundu la uzazi, unavuta kwa mdomo ama kwa sirinji, mayai machache yanaingia. Unayamwaga kwenye kisahani, unaweka chini ya maikroskopu yenye kipimo, unapima hata hamsini hivi unachukua wastani. Hiyo namba ndio inakuamulia. Kwa mkizi inajulikana tangu miaka ya 1970 kwamba yai likiwa chini ya milimita 0.6 usijisumbue, kwa mwatiko inabidi lizidi hapo kidogo, watu wazoefu wanataka kama 0.7 na kwenda juu. Ukikuta 0.5 rudisha samaki majini, mpe chakula kizuri, rudi baada ya wiki kadhaa. Inauma umesafiri kutoka Uganda mpaka Kwale urudi na sirinji haijatumika, najua, lakini ndio kazi yenyewe.

Na huo mrija unakusaidia kwa jambo lingine, mwatiko dume na jike ukiwatazama kwa nje hawatofautiani kirahisi, unaweza ukakaa na wazazi kumi unawalisha mwaka mzima kumbe nane ni madume.

Haya, chupa zenyewe. Dawa hizi kwa kifupi ziko za namna tatu na kila moja ina historia yake. Ya zamani kabisa ni pituitari yenyewe, unatoa tezi ya samaki aliyekomaa, unasaga, unachanganya na maji ya chumvi ya hospitali, unadunga. Mwargentina Bernardo Houssay alilijaribu mwaka 1930, Wabrazili wakalichukua miaka hiyo hiyo ya 1930 wakalifanya kazi ya kufugia samaki, na mpaka leo hapa Uganda kuna watu wanafanya hivyo na kambare, unachinja mmoja kwa kudunga mwingine wa uzito huo huo. Inafanya kazi maana unampa LH moja kwa moja. Shida yake hujui nguvu yake, tezi ya leo si kama ya jana, na unaweza kuhamisha ugonjwa kutoka samaki mmoja kwenda mwingine.

Ya pili ni hCG, homoni inayotoka kwenye mkojo wa wanawake wajawazito, inauzwa ya unga. Inakaa kwenye nafasi ya LH inaidanganya ovari. Kwa samaki wa baharini dozi zinazotajwa ni kuanzia uniti 100 mpaka 4000 kwa kilo, unaona upana huo, kila aina na yake. Faida yake inafanya kazi haraka na haihitaji pituitari iwe na akiba. Lakini ni protini kubwa ya kiumbe mwingine kabisa, mwili wa samaki unaweza kuijengea kinga, msimu wa kwanza inakubali, msimu wa tatu dozi ile ile haimtikisi. Na ukishaichanganya na maji inataka friji, sio kuibeba kwenye mfuko wa boda juani kutoka Kampala.

Ya tatu ndio hii ya kwako, GnRH ya kutengenezwa. Umbo la GnRH lilijulikana mwaka 1971, kazi ya makundi mawili yaliyokuwa yakishindana Marekani, moja la Schally wakisaga ubongo wa nguruwe kwa maelfu, lingine la Guillemin wakitumia wa kondoo, wakapewa Nobeli mwaka 1977. Ni kipande kidogo cha amino asidi 10 tu, na ile ya asili ikiingia kwenye damu ya samaki inakatwakatwa ndani ya dakika, kwa hiyo wakaibadilisha kidogo idumu. Uzuri wake ni kwamba inabisha hodi juu, samaki anamwaga LH yake mwenyewe, na kwa kuwa ni ndogo mwili hauijengei kinga. Na inakubali karibu kwa samaki wote, wa ziwani mpaka wa baharini.

Sasa mbona ndani ya chupa yako ya Ovaprim kuna vitu viwili? Soma lebo, kila mililita ina maikrogramu 20 za GnRH ya samaki salmoni iliyobadilishwa, na miligramu 10 za domperidoni. Hiyo domperidoni ni ile ile dawa ya kuzuia kutapika watu wanaijua famasi. Imewekwa kwa sababu kambare na samaki wa jamii ya kapu (carp) wana breki. Ubongo wao pamoja na kutoa GnRH unatoa pia dopamini inayoishika pituitari isimwage LH, na breki hiyo ni kali, unaweza kukanyaga mafuta kwa GnRH peke yake na gari lisisogee. Domperidoni inaachia breki. Mwaka 1988 Lin wa China na Peter wa Kanada waliupeleka mchanganyiko huo kwa wafugaji na ndio ukawa kawaida. Dozi yenu ya nusu mililita kwa kilo ina maana kambare anapata maikrogramu 10 za GnRH na miligramu 5 za domperidoni.

Kwa samaki wengi wa baharini breki hiyo ni dhaifu ama haipo kabisa. Kuna Sparus aurata anayefugwa sana Bahari ya Kati, mtu wa pwani akimwona atasema ni ndugu wa changu, huyo GnRH peke yake inamtosha, domperidoni unampa bure. Mkizi ndiye mkaidi, breki yake ni kali sana hata kuliko wa maji baridi wengine, bila dawa ya kuzuia dopamini unahangaika. Kwa hiyo ukiniuliza Ovaprim kwa mwatiko, jibu ni kwamba GnRH iliyomo ndani ndiyo yenye kazi, hiyo domperidoni usiitegemee iwe ndio inaleta matokeo. Dozi za GnRH zinazotumika kwa samaki wa baharini ziko kati ya maikrogramu 1 na 100 kwa kilo, wengi wanacheza kwenye 10 mpaka 50, na ningependa uanze chini. Jike wa kilo 4 kwa maikrogramu 10 kwa kilo anahitaji 40, basi. Kuzidisha hakuleti mayai mengi zaidi, kunaleta mayai mabovu na jike aliyechoka.

Lakini mwatiko ana tabia moja ambayo inanitia wasiwasi kuliko dozi. Ni samaki mwoga kupita kiasi. Kuna mwaka nilikuwa pwani, tukavuta wavu kwenye bwawa moja wanaume wanne, mwatiko mzima wa kama kilo 3 akaruka mara mbili akaupiga wavu, nikamdaka kwa mikono miwili nikadhani nimemshika vizuri. Nilipomweka kwenye tangi viganja vyangu vilikuwa vinang'aa, magamba yake yamebaki kwangu kama pambo la harusi, na yeye ubavuni ana mabaka meupe kama mtu aliyeungua. Baada ya nusu saa alikuwa amelala ubavu. Kambare unambeba kwenye gunia lenye maji kidogo, unamvuta sharubu, unamweka mezani anakutazama tu, anapumua hewa. Ukienda na mazoea hayo kwa mwatiko umekwisha. Samaki akistuka homoni ya msongo inapanda na mayai yanaweza kusimama hata kuoza humo humo tumboni. Wavu wa nailoni usio na mafundo, tangi la kivuli, karafuu kabla ya kumgusa, sponji iliyolowa maji ya bahari chini yake, na kila kitu kiwe tayari kabla hajatoka majini, sirinji imejazwa, mrija umenyooshwa, mtu wa kuandika ameshika peni. Dakika mbili, tatu, arudi.

Ndio maana huko baharini watu waliikimbia sindano wakaenda kwenye kidonge cha kupandikiza. Kanatengenezwa kwa kolesteroli ama plastiki maalum, GnRH imo ndani, unakachomeka kwenye nyama chini ya pezi la mgongoni na kanaachia dawa pole pole, kuna vinavyokwenda wiki mbili tatu. Kwa mwatiko faida ni kumgusa mara moja tu badala ya mara nyingi. Kwa wale wanaotaga kwa mafungu faida ni kubwa zaidi, huyo Sparus jike mmoja anataga kila siku kwa miezi kadhaa, sindano moja inayoisha kesho yake haimfai. Mwaka 2004 na 2005 kule Bahari ya Kati walifika mbali, jodari wakubwa wa makumi ya kilo huwezi kuwatoa majini, mpiga mbizi anaingia kwenye keji na bunduki ya chini ya maji anawapiga kidonge mgongoni wakiwa wanaogelea. Na wakakomaa.

Huku kwetu mnaopenda mputa, yaani sangara, niwape mfano wa ndugu yake wa damu. Lates calcarifer wa Asia na Australia ni jamii moja na mputa wetu wa Victoria, ukiwaweka pamoja sokoni utachanganyikiwa. Anakulia mitoni lakini kutaga anashuka mpaka mlangoni mwa bahari kwenye chumvi, anafuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na anaanza maisha akiwa dume, akishakuwa mkubwa anageuka jike. Huyo anakubali GnRH vizuri mno, mayai yakizidi milimita 0.4 unadunga, na baada ya saa thelathini na kitu, dume na jike wakiwa kwenye tangi moja, wanataga wenyewe usiku bila kukamuliwa. Wewe kambare wako kwenye maji ya digrii 25 anachukua kama saa 11 au 12, kwenye digrii 30 ni kama saa 7, kwenye digrii 20 anafika saa 21, kwa hiyo unajua kupangilia usiku wako. Ukienda baharini saa zako za kambare ziache nyumbani.

Kitu kingine utakachokiona huko na kitakushangaza ni jike kuvimba. Saa za mwisho kabla ya kutaga, yai la samaki wa baharini linanyonya maji. Protini za lishe ndani yake zinavunjwa kuwa vipande vidogo, vinavuta maji, yai lililokuwa la maziwa maziwa linakuwa angavu kama kioo na linaongezeka ukubwa ghafla, tumbo linajaa mpaka unaogopa. Hayo maji ndiyo yanalifanya lielee, na ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote, asubuhi chota mayai weka kwenye kopo la maji ya bahari yaliyotulia, yaliyo hai yanapanda juu, yaliyokufa yanashuka chini yameweka ukungu mweupe. Kwa kambare yai likizama na kunata ndiyo sawa. Huku likizama ni msiba.

Dada mmoja wa soko la Jinja aliwahi kuniuliza kwa nini tunauza samaki wa homoni, na najua swali hilo litamfuata shemeji pia. Watu wanachanganya mambo mawili. Ile ya ngege (tilapia) ni nyingine kabisa, vifaranga vinalishwa methiltestosteroni kwenye chakula wiki tatu nne za kwanza ili wote wawe madume, na ngege kutaga hahitaji sindano yoyote, anataga mpaka unamkasirikia. Hii yetu anadungwa mzazi peke yake, dozi ya maikrogramu, ni kipande cha protini kinachovunjika mwilini mwake. Kifaranga hajadungwa kitu na hatadungwa. Mzazi aliyedungwa usimpeleke sokoni, basi, hayo ni maadili ya kazi.

Na sitaki nikufiche kwamba wapo samaki ambao hata nilichosema hapo juu hakiwatoshi. Mkunga wa Japani akifungiwa mayai hayakui hata kidogo, hiyo miezi ya kujaza lishe haianzi, wanamdunga kila wiki kwa miezi kwa tezi ya salmoni ndipo anafika, na ilibidi wafike mwaka 2010 ndipo Wajapani wakafanikiwa kuzungusha maisha yake yote ndani ya matangi. Mwatiko si mgumu hivyo, mshukuru Mungu. Ila anataka miaka. Kambare wako kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu ameshakuwa mzazi, mwatiko anahitaji kama miaka mitano. Wafilipino pale Iloilo, kwenye kituo cha utafiti wa samaki cha SEAFDEC, mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kwa kudunga wazazi waliovuliwa baharini, kwa tabu nyingi. Alafu mwaka 1980 mwatiko waliokuzwa kwenye keji za baharini, wa miaka mitano hivi, wakataga wenyewe bila sindano hata moja. Maji safi, kina, nafasi, chakula, na kuachwa kwa amani.

Hapo ndipo nataka umshauri shemeji wako. Ana nini hasa kwenye bwawa? Kama ni mwatiko wa gramu 400 wa kuuza, hakuna dawa duniani itakayomfanya atage. Achague mia moja wazuri mwaka huu asiwauze, mwakani abaki na sitini, na awaweke kwenye maji ya kina yenye chumvi ya bahari kamili, wala si lile bwawa linalokuwa supu jua likiwaka na maji ya mto mvua ikinyesha. Miezi kabla ya msimu awape ngisi na dagaa fresh juu ya pelleti, mafuta ya samaki hayo yanaingia moja kwa moja kwenye yai, mzazi aliyelishwa pumba atakupa mayai lakini kifaranga atakufa siku ya tatu akimaliza lishe ya tumboni. Na hiyo ni kazi ya kikundi, mtu mmoja hawezi kusubiri miaka mitano bila kuuza. Wako watu karibu naye wa kumshika mkono, KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Mombasa, na Zanzibar pale Beit-el-Ras kuna kituo cha kutotolesha viumbe wa baharini kilichojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na FAO. Aende akaone tangi la wazazi kwa macho yake kabla ya kununua chupa. Kwa sasa aendelee na chandarua chake cha bamvua, ila samaki wengine wadogo wanaoingia humo awarudishe baharini wangali hai, maana bahari hiyo ndiyo hachari yake mpaka hapo.

Wewe safari yako ya Kwale usiifute. Chupa iache Jinja, beba mrija, mafuta ya karafuu, na ile maikroskopu ndogo mliyonayo. Kama ana wakubwa wowote, hata watatu, wa kuanzia kilo 3, waangalieni alfajiri maji yakiwa bado na ubaridi, chukueni mayai, pimeni hamsini. Niandikie wastani wake, joto la maji la asubuhi na la mchana, na chumvi imesoma ngapi. Nikishaona hizo namba ndipo tutaongea habari ya sirinji.